Ndiyo, nilikwenda Berlin, na hela sikuwa nayo

Naomba radhi wadau kwa kimya cha wiki tatu. Siumwi, sijafukuzwa chuo, ni uvivu tu na boksi za usiku. Leo nimerudi kuandika kwa sababu nimekasirika, na mimi nikikasirika ndiyo vidole vinapata kasi.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti wa baba mkubwa anaolewa. Kamati imekaa, kadi za mchango zimetoka, yangu imeandikwa laki moja. Nikajibu kwenye kundi la ukoo kwamba hali ni ngumu, nivumilieni. Wiki moja baadaye nikabandika picha nimesimama chini ya micheri imechanua, pinki tupu hadi juu, niko Berlin, natabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Saa ile ile kaka yangu mmoja akaandika mbele ya ukoo mzima: "Mdogo wangu, kumbe mchango hakuna lakini Berlin ipo."

Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Mwenyekiti wa kamati hakuweka kitu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Basi bwana, leo nafungua daftari. Safari nzima, Ijumaa hadi Jumapili, ilinigharimu euro 31 kasoro senti. Euro 8 soko la Waturuki la Maybachufer, linalokuwepo Jumanne na Ijumaa. Ukifika jioni wanapofunga, nyanya, ndizi na maparachichi yanauzwa kwa bakuli na bei ya kubembelezwa, kama Kariakoo saa kumi na mbili. Euro 9 kuku na mchele kwa mwenyeji wangu, maana sijalelewa kufika kwa mtu mikono mitupu. Euro 7 döner, ile mikate ya nyama ambayo wakongwe wa hapa wanasema zamani ilikuwa nusu ya bei hiyo. Euro 1 choo. Ndiyo, jamani, choo kinalipiwa. Zilizobaki ni tiketi ya makumbusho nitakayoisema chini, na andazi la kurudia.

Usafiri sijauhesabu kwa sababu tayari nina tiketi ya mwezi, ile ya nchi nzima iliyoanza kwa euro 49 Mei 2023 na kufika 63 mwaka 2026. Naikata kwa ajili ya kwenda kazini. Haipandi treni za kasi, kwa hiyo kutoka hapa Leipzig nilikwenda na zile za kusimama kila kijiji, zaidi ya saa mbili, lakini ukifika inakubali mabasi yote ya jiji na treni za chini ya ardhi. Wale mnaozamia bila tiketi mkidhani hapa ni daladala unamwambia konda "nashuka hapo mbele", faini ni euro 60. Nimewaonya. Kulala nililala chini, kwenye godoro la kupuliza, kwa mshikaji mmoja tuliyesoma naye bongo, mtaa wa Wedding. Chakula ni ile staili yetu ya chuoni ya kupiga pasi ndefu: unashindilia asubuhi, tunaonana usiku.

Sasa kwa nini Aprili na si wakati mwingine? Hapa ndipo nina msimamo, na nitabishana na yeyote. Mtu asiye na hela asiende jiji la Ulaya wakati wa baridi, hata akiambiwa nauli ni rahisi. Wakati wa baridi unalipia joto. Ukitembea nusu saa mikono inaganda, unaingia mahali, huwezi kukaa bila kununua, unanunua kahawa, ukitoka unaganda tena, kahawa nyingine. Siku inakwisha umeona vikombe tu. Majira ya kuchipua jiji lote linatoka nje na viti vyake, ngoma zake, watoto na mbwa wake, na benchi la bustani halina mhudumu wa kukuletea bili. Mvua ya Aprili ipo, tena ya vituko, jua na mawe ndani ya saa moja. Unajibanza chini ya daraja la treni, inapita, unaendelea.

Watu wanalipa kupanda mnara wa televisheni ili waone jiji. Mimi nilipanda kilima cha Humboldthain, juu yake kuna masalia ya ngome ya mizinga ya Vita vya Pili vya Dunia, unasimama pale bure na Berlin yote ya kaskazini iko miguuni. Jumapili nilizurura soko la mitumba la Mauerpark bila kununua hata soksi. Na ile micheri iliyoniponza ipo karibu na daraja la Bornholmer Straße, mahali ambapo usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 kizuizi cha mpaka kilifunguliwa kabla ya vingine vyote. Ukuta ulipoanguka, televisheni moja ya Japani ilichangisha watu wao hela, wakanunua micheri ipandwe ulikopita ukuta. Kwa hiyo ile picha iliyoonekana ni ya anasa, nimepigwa chini ya miti ya mchango. Kamati mnisikie.

Tempelhofer Feld ndiyo iliyonimaliza. Ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa 2008, ukafunguliwa kuwa bustani ya watu wote 2010, zaidi ya hekta 300. Mwaka 2014 serikali ya jiji ilitaka kujenga pembezoni, wananchi wakapiga kura, wakakataa. Sasa watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege, wanarusha tiara, wanachoma nyama, na sehemu ya majani imezungushiwa uzio kwa sababu kuna ndege wanataga humo kipindi hicho. Nilikaa pale saa nne. Nikaanza kuokota chupa, maana hapa chupa tupu ina amana, ya plastiki senti 25, ya bia senti 8, nikijiona mjanja. Nikakuta bibi mmoja na kigari chake, anaokota kwa mpangilio, kila pipa. Yule hakuwa anacheza. Nikamwachia mfuko wangu. Alipokea bila kunitazama, na sikumlaumu.

Kutoka pale nilitembea hadi Neukölln kutafuta Lucy-Lameck-Straße. Wasioelewa: Lucy Lameck wetu, mama wa Moshi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya unaibu waziri Tanzania. Mtaa huo hadi 2021 uliitwa kwa jina la Wissmann, yule aliyekuja kumvunja Bushiri huko pwani. Na Wedding nilikolala kuna mitaa ya Tanga, Sansibar na Usambara, utadhani umepotea stendi. Humo humo kulikuwa na barabara ya Carl Peters, Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakaona aibu, lakini badala ya kubadilisha kibao wakasema Peters huyu ni mwingine, anaitwa Hans. Nilicheka peke yangu barabarani. Hatimaye Agosti 2024 wakaigawa, kipande kimoja kinaitwa Anna Mungunda, mama wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee. Kukanyaga lami yenye jina hilo, katikati ya Wajerumani wanaosukuma watoto kwenye vigari, hakulipiwi hata senti.

Nililipia kitu kimoja tu, makumbusho ya viumbe ya Invalidenstraße, bei ya mwanafunzi. Ninyi wa ukoo mnajua kwa nini. Yule dinosaria wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, amesimama pale ukumbini, mita 13 na zaidi kwenda juu. Mifupa ile, zaidi ya tani 200 ukijumlisha yote iliyochukuliwa, ilitoka porini hadi bandari ya Lindi kichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Babu alikuwa akisema baba yake alikuwa miongoni mwa wabebaji. Tulikuwa tunamcheka, tunasema babu kaanza. Nilisimama pale na tiketi mkononi, kitukuu wa mbeba mizigo, naye mbeba boksi, nimelipa kiingilio kuutazama mzigo. Sikujua nicheke au nifanye nini. Watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele wakihesabu mbavu, nikaanza kuhesabu nao.

Haya, kaka. Laki moja ni kama euro 34. Kwa hiyo hesabu yako iko karibu sawa: nisingekwenda, kadi ingelipwa karibu yote, ikabaki pengo dogo tu. Sitajitetea kwamba sikuwa nayo. Nilikuwa nayo, nikachagua, na kosa langu ni kuandika "hali ni ngumu" badala ya kusema "nitatoa mwisho wa mwezi". Ila na ninyi acheni kudhani kila anayepiga picha majuu ana mapene. Kwa miezi saba nimeona chuo, ghala la boksi na dari la bwenini. Mtu akikaa hivyo anaanza kuongea na sufuria. Kuna wenzetu hapa hawatoki kabisa kwa kuogopa maneno ya nyumbani, na kuna wengine wanatoka lakini picha wanaficha kama wezi. Mimi sitaficha.

Mshahara wa boksi unaingia tarehe 30. Jana nilimtumia bibi harusi picha ya mfupa wa paja, na kijana mmoja kasimama pembeni ili aone ukubwa wake. Nikamwandikia, huu ndio mzigo wa babu, alikuwa anasema kweli.

Akajibu baada ya dakika mbili: "Subhanallah. Sasa mchango nao unabebwa kwa miguu?"