Mnamcheka Fundi Simu, Ikizima Mnamkimbilia!

Wadau, kuna kamtindo mjini. Staa anaposti simu ya mamilioni, kesho yake anamcheka kijana wa kibandani Kariakoo eti vidole vyeusi. Sitaji jina, mnawajua. Ila simu ikigoma kuchaji, anatafutwa nani? Si huyohuyo wa Mtaa wa Aggrey!

Mimi nasema wazi: kulehemu vile vidude vya juu ya bodi ni ujuzi wa heshima kuliko wingi wa followers. Ndani ya simu kuna kapasita za saizi 0402, urefu milimita 1, upana nusu milimita. Ukipiga chafya, imepotea. Na nyingi hazina maandishi, zikichanganyika mezani bila mita umekwisha.

Tatizo letu vijana tunaanza na shopping. Mtu hajawahi kushika pasi ya kulehemu, tayari kanunua mashine ya hewa ya moto na hadubini, apige picha. Baada ya mwezi viko status, "bei ya kutupa".

Anza kidogo, ndugu yangu. Pasi inayorekebishwa joto, kibano cha ncha kali, fluksi na mita. Waya wa bati 63 kwa risasi 37 unayeyuka nyuzi 183. Usio na risasi unataka kama 217 kwenda juu, mkono mchanga utahangaika. Ila risasi ni sumu: fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kugusa chipsi.

Rezista nunua za 0805 kwanza, milimita 2 kwa 1.25. Ni bei chee, chukua nyingi maana zitaruka. Kwa fundi omba bodi zilizokufa. Bandua, rudisha, pima. Rudia mpaka mkono utulie, ndiyo uwaze 0402. Simu ya mteja si ya kujifunzia. Humo kuna namba za biashara yake na picha za marehemu mama yake.

Na nyie kina dada mnaobandika kope moja moja kwa kibano, nani kawaambia hii ni kazi ya wanaume? Mkono mnao tayari, bado pasi tu.

Heshima kwa mafundi wote. Je, wewe ungemruhusu mdogo wako aache kusaka umaarufu akajifunze kulehemu? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.