Ardhi Ikipimwa, Ndiva Itakuwa ya Nani?



Katika kizazi kimoja nchi yetu imepita njia mbili zisizofanana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki, viwanda na mashamba mengi ya mkonge. Baada ya Mwalimu Nyerere kung'atuka urais mwaka 1985, Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza masharti ya uongozi. Na mwaka 1992 ukarudi mfumo wa vyama vingi. Ujamaa wetu haukuwa ukomunisti wa Ulaya ya Mashariki, lakini mageuzi yalitufikia katika miaka ileile.

Huku Same na milima ya Upare, mageuzi hayo yalionekana shambani. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika mwaka 1989. Ruzuku ya pembejeo ikaondolewa, na tangu msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa ya mkulima bila kupitia ushirika. Wengi walifurahia fedha taslimu. Lakini bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapakuwa na wa kumkinga mkulima. Palipokuwa na mibuni, migomba na miti ya kivuli iliyoshika udongo, pakalimwa mahindi, maharage na, hasa upande wa Mamba Miamba, tangawizi.

Hatumlaumu mkulima wa tangawizi, kwani ada ya shule na matibabu hulipwa kwa fedha. Hata hivyo, kuvuna tangawizi ni kufukua ardhi, na mteremko uliofukuliwa na kuachwa wazi hauistahimili mvua. Mwezi Novemba 2009 maporomoko ya udongo huko Mamba Miamba yaliua watu wasiopungua 20. Mvua ilikuwa kubwa mno, nasi hatusemi kwamba jembe ndilo lililoleta msiba ule. Twasema tu kwamba uliwakumbusha wote uzito wa udongo tunaoishi chini yake.

Wazee wetu walijua kuishi na milima hii. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakiwa na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Bila ndiva, kijito chembamba hukaukia njiani. Ndiva ilikuwa na msimamizi, zamu, faini kwa mwenye kuiba maji, na msaragambo wa kuzoa tope. Haikuwa ya Serikali wala ya mfanyabiashara. Lakini tusiipambe kupita kiasi: ukoo ulioichimba ulikuwa na neno kubwa kuliko wengine, na mwanamke mara nyingi hakusikilizwa.

Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikaweka mambo mengi mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji. Ndiva zilibaki, lakini kanuni zake zilidhoofika, na mali ya wote ikaonekana kama haina mwenyewe. Soko huria lilipoingia, mwenye mpira mrefu na pampu akajichotea. Katika bonde la Makanya, maji yatokayo milima ya Vudee hupita Bangalala kabla ya kuelekea tambarare ya Makanya. Kila anayejiongezea zamu kule juu humpunguzia ndugu yake wa chini.

Sasa tumefika kwenye hatua nyingine, nayo ni upimaji wa ardhi. Mwaka 1991 Rais aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, nayo ikapendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa wanakijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa lote, kwani ardhi yote imebaki mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatupa mengi. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu ya kisheria. Aidha, familia yaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila.

Hati hiyo ni jambo jema. Ni ngao ya mjane na yatima. Hofu yetu ni juu ya utaratibu. Viwanja vya watu vikipimwa kwanza, chemchemi, ndiva, mfereji na msitu wa jadi vitajikuta ndani ya mpaka wa mtu mmoja, ambaye kesho aweza kuweka hati yake rehani. Nchini Urusi, baada ya mwaka 1991, ardhi ya mashamba ya pamoja iligawiwa wafanyakazi kwa hisa za makaratasi. Wengi hawakujua kipande chao kiko wapi, na hisa nyingi zikaishia mikononi mwa makampuni makubwa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991 kwamba kuanguka kwa ukomunisti hakulifanyi soko kuwa mwamuzi wa yote. Yako mema ambayo hayapasi kuuzwa wala kununuliwa.

Kwa hiyo yatupasa kutenda mambo matatu. Kwanza, kabla ya viwanja vya watu kupimwa, Mkutano Mkuu utenge ndiva, vyanzo vya maji na misitu kuwa ardhi ya pamoja, na iandikwe katika daftari la kijiji, kama sheria inavyoruhusu. Pili, kanuni za ndiva ziandikwe kuwa sheria ndogo za kijiji, wanawake wakiwa na sauti kamili. Na watumiaji wa juu na wa chini wakae pamoja kuomba kibali cha maji katika Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Tatu, tuheshimu mita 60 kutoka chanzo cha maji, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyoagiza, na turudishe miti na makinga maji miteremkoni. Jumuiya Ndogo Ndogo zizungumzie jambo hili pamoja na majirani Walutheri, Waadventista na Waislamu, kwani maji hayaulizi dini.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kupinga kodi ya mbiru, na baadaye kodi hiyo ikaachwa. Wao hawakuwa na sheria upande wao. Sisi tunayo, na Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Tangazo litakapobandikwa, twende sote, tena tufike na ajenda ya ndiva.