Umri wa Kuolewa Usiwe Mzaha wa Kundini

Hakuna kundi la marafiki kwenye simu lisilofika kwenye habari za ndoa. Asubuhi ni salamu, bei ya mchele na foleni ya Kimara. Mchana ni Simba na Yanga. Jioni mtu akituma picha za harusi aliyohudhuria, mazungumzo yote yanageukia huko. Walioolewa wanapongeza. Kisha mmoja anamtaja kwa jina yule ambaye bado: "Na wewe je, lini tunakula pilau?" Emoji za kucheka zinajaa mstari mzima. Wa pili anakumbusha kwamba umri unaenda. Wa tatu anatafuta mwaka aliozaliwa mwenzake na kuupigia hesabu mbele ya watu wote.

Ndugu wasomaji, naomba mzaha huu tuuache. Umri tunaoupigia kelele hautuhusu, na ule unaotuhusu hatuutaji.

Mtazameni huyo anayetaniwa. Ni mwanamke wa miaka 29 au 31, mwalimu, muuguzi, au ana genge lake la kuuza mboga. Hajasema hataki kuolewa. Pengine posa ililetwa ikavunjika kwa sababu aijuayo yeye na mama yake. Pengine anasomesha wadogo zake, na kila mwezi mshahara ukiingia unatoka siku hiyo hiyo. Anajibu, "Mniombee," kwa kuwa hilo ndilo jibu lisiloleta maneno. Wiki inayofuata anaulizwa tena. Siku moja tunaona kundini ameandikwa kuwa ametoka, nasi tunasema anaringa.

Vijana wa kiume nao hawaachwi. Mtu anaambiwa kwamba katika umri wake baba yake alikuwa na watoto watatu. Haambiwi kwamba baba yake hakudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Matokeo yake ni ndoa zinazofungwa ili kuziba midomo. Kamati inaundwa, kadi za michango zinasambazwa, ukumbi unakodiwa, na ahadi zisipotimia kijana anakimbilia mikopo ya kausha damu. Waliomsukuma wamekula, wamecheza, wamerudi makwao. Deni limebaki kwa watu wawili ambao hata kuzoeana bado hawajazoeana, na ugomvi wa kwanza wa nyumba hiyo unakuwa wa fedha. Rafiki wa kweli angemuuliza mwenzake amejipanga vipi, na angeuliza faraghani.

Sasa niseme juu ya umri unaotuhusu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilimwekea mvulana miaka 18 ya kuoa na msichana miaka 15 ya kuolewa, mradi baba yake aridhie. Tena ikaipa mahakama nafasi ya kuruhusu hata wenye miaka 14. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, ikasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu kuupinga umri huo wa ndoa, na Julai 2016 mahakama ikaamua kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ukapita mwaka, ukapita na mwingine, vifungu vikabaki vitabuni vile vile. Wenzetu wa Kenya waliliweka wazi katika Sheria yao ya Ndoa ya 2014: miaka 18, wa kike na wa kiume sawa. Kundini mwetu, ambamo penati ya dakika ya 90 hujadiliwa siku tatu, ni nani aliyewahi kuuliza jambo hili limefikia wapi?

Wapo watakaosema wanafunzi wanalindwa. Ni kweli: tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inamtishia kifungo cha miaka 30 anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Lakini fikirieni binti aliyemaliza darasa la saba na asiendelee. Mtihani unafanywa Septemba. Kuanzia hapo hadi shule zinapofunguliwa Januari yuko nyumbani, anachota maji, analea wadogo zake, na wazazi wanahesabu gharama za sare, madaftari na nauli. Huo ndio msimu wa posa. Ng'ombe wakitajwa, baba mwenye njaa anasikia. Binti asiporudi darasani, ulinzi wa mwanafunzi unamponyoka, na akifika miaka 15 kinachobaki ni ridhaa ya baba huyo huyo.

Wazee wetu watanijibu kwamba bibi zetu waliolewa wadogo na wakazaa. Nawaheshimu, lakini nawaomba wakumbuke pia waliokufa wakijifungua, ambao hawapo kusimulia. Mwili wa msichana ambaye nyonga zake hazijakomaa unaweza kukwama na uchungu siku mbili, mtoto akafa tumboni, naye akabaki na fistula, mkojo ukimvuja bila kujizuia. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu wanawake wa namna hiyo. Aliyekaa na mmoja wao, akamsikia akieleza jinsi mume alivyomrudisha kwao, hawezi tena kusema kwamba kuozwa mapema ni kumsitiri binti.

Wengine wanahofia mimba za nje ya ndoa. Hofu hiyo naielewa, hasa kwa mama anayelea peke yake. Ila tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu waliojifungua warudi shuleni. Binti aliyezaa akiwa kwao bado ana mlango wa darasa. Aliyeozwa na mzee wa rika la baba yake huulizia mlango huo kwa ruhusa ya mume.

Kwa hiyo nawasihi wenye makundi, na hasa viongozi wake, mfute ujumbe wa kumhesabia mtu mzima miaka yake, hata kama aliyeutuma ni kaka mkubwa. Na siku mtu atakapoandika, kama wanavyoandika kila Desemba, kwamba kijijini kwao binti fulani amepata mchumba, mwulizeni ana miaka mingapi na alimaliza darasa gani. Jibu likiwa 13 au 14, msimtumie pongezi. Pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Mtaulizwa kijiji, kata na wilaya. Aliyeleta habari anavijua vyote, mwambieni avitaje siku hiyo hiyo kabla mahari haijapokewa.