Haki ya Mzee Isikwame Mlangoni

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni ya kila mwezi wazee wakaazi wa Visiwa hivi waliotimiza umri wa miaka 70, kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Kiwango kilikuwa shilingi 20,000. Awamu ya Nane imekipandisha kikafika 50,000. Mkulima wa muhogo na mvuvi ambao hawakupata kuajiriwa hata siku moja huipata sawasawa na karani mstaafu.

Wapo wanaouliza, na tumewasikia hata katika vikao vya matawi, kwa nini mwenye nyumba ya ghorofa naye apewe. Jawabu ni kwamba kuchambua nani fukara na nani si fukara ni kazi yenye gharama na fitina. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF hauna budi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa unachagua kaya, na minong'ono inayofuata uchaguzi huo haimpiti mtu. Pensheni Jamii haiulizi utajiri wala ufukara. Mzee halazimiki kuitwa maskini mbele ya jirani zake ndipo apewe.

Lakini umri wenyewe ndio mlango mwembamba. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ya Mapinduzi ya 1964 amekwisha kutimiza 70. Wengi wa rika hilo walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na tarehe yao ni kumbukumbu ya mama: msimu fulani wa karafuu, vuli fulani. Mahali pasipokuwa na cheti, mwaka ulioandikwa katika kitambulisho ni makisio, na makisio hayo leo ndiyo yanayoamua. Mzee aliyepunguziwa miaka 5 kwa ncha ya kalamu hukosa malipo ya miezi 60, ambayo kwa kiwango cha sasa ni shilingi 3,000,000. Kosa si lake, wala si haki aambiwe "njoo kesho" mara kumi. Tunawaambia ndugu zetu maofisa waziwazi: ushahidi wa wazee wenzake usikilizwe, uandikwe, na jawabu litolewe kwa siku maalumu.

Shilingi 50,000 hazimtoshi mtu mwezi mzima, na hatujamsikia aliyedai kuwa zinatosha. Mwenye busara hutanguliza mchele na dawa, akabakisha nauli. Ila mwenye duka anayeshika kitambulisho cha mzee kuwa rehani ya deni, na mjukuu anayepokea kwa niaba akarudi na nusu, hao wanakula mali ya mtu dhaifu, na wanajijua. Mwakilishi wa mzee asiyejiweza awe mmoja, anayejulikana na jamaa wote, na hesabu aitoe mbele ya mzee mwenyewe.

Kwa wananchi wa Kojani, Tumbatu na Fundo, kila safari ya kufuata karatasi huanza na nauli ya chombo. Inafaa maofisa wavuke wao, na madaftari yao, wakamkute sheha amekwisha kuorodhesha waliotimiza 70 mwaka huo na waliofariki dunia, ili jina la marehemu lisiendelee kukaa orodhani huku aliye hai akingoja.