Muziki wa "ubora wa juu": mnalipia nini?

Wadau, kabla hamjatoa hela ya ziada kwa muziki wa kidijitali wa "ubora wa juu", subirini kidogo. CD ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo inanasa mitetemo hadi 22,050. Sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi, na uzee hulipunguza zaidi.

Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio 554 ya kutofautisha hizo mbili: wasikilizaji walipatia asilimia 49.8, sawa na kurusha shilingi. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha tafiti 18, akapata asilimia 52.3.

Tofauti ipo, ila kiduchu. Wimbo uliorekodiwa ovyo studio hauponi kwa faili kubwa. Hela hiyo nunueni spika nzuri. Au mnasemaje?