NANI ALISEMA MIKONO HAINA AKILI?

Ndugu Wafanyakazi,

Kuna maneno mawili ambayo kila mtu wa karakana, wa stesheni na wa genge la njia amekwisha kuyasikia kwa wakubwa wa kazi. La kwanza ni kwamba kuna watu wa kichwa na watu wa mikono. Watu wa kichwa wapewe mshahara wa kichwa, na watu wa mikono wapewe kiasi cha kuwafikisha kazini kesho. La pili ni kwamba dunia tangu mwanzo ni mashindano, mwenye nguvu huishi na mnyonge hufa, basi chama cha wafanyakazi ni kushindana na maumbile yenyewe. Mkubwa wetu mmoja alitupa neno hili la pili siku tuliyokwenda kuomba mwenzetu aliyevunjika mguu kazini asikatwe mshahara. Akaongeza kwamba hata sayansi inakubali hivyo.

Vema. Kwa kuwa wameitaja sayansi, twende tukaiulize. Wala hatuna haja ya kupanda meli, maana ushahidi mwingi umechimbwa hapa hapa kwetu, na baadhi yake umewekwa katika jumba la makumbusho Nairobi.

Ndugu wengine watasema kwamba habari za watu wa kale zapingana na Kitabu. Mimi pia nimefundishwa kusoma na misheni, na sitaki ugomvi nao. Nani aliyeumba, hilo kila mtu ataliuliza kanisani au msikitini kwake. Mimi naulizia mawe na mifupa iliyotoka ardhini.

JE, KICHWA KILITANGULIA?

Mwaka 1912 mabwana wa Uingereza walitangaza kwamba limepatikana fuvu la mtu wa kale sana katika shimo la changarawe mahali paitwapo Piltdown. Fuvu lilikuwa kubwa kama la mtu wa leo, na taya lilikuwa kama la nyani. Wengi walifurahi, kwa sababu lilisema walivyotaka kusikia: kwamba kichwa kikubwa kilitangulia, tena kichwa chenyewe kilikuwa cha Mwingereza. Mwaka 1925 Raymond Dart alitangaza fuvu la mtoto lililotoka katika machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika ya Kusini. Ubongo wake ulikuwa mdogo, lakini lilionyesha dalili za kiumbe aliyesimama wima. Wakubwa wengi wa elimu walilidharau. Lilisema kinyume cha Piltdown, na lilitoka Afrika.

Ikachukua miaka 41. Mwaka 1953 ilithibitishwa kwamba Piltdown ilikuwa hila: fuvu la mtu limeunganishwa na taya la orangutani, mifupa imetiwa rangi ionekane ya kale, na meno yamepigwa tupa. Tupa, ndugu zangu! Angalipewa fita wa karakana ayashike meno yale, nadhani angaliuliza mikwaruzo ile imetoka wapi. Lakini nani angemwita fita katika baraza la wasomi?

Sasa tazameni ukweli ulivyopangika. Huko Laetoli, Tanzania, ziko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Mifupa ya yule waliyemwita Lucy, iliyopatikana Ethiopia mwaka 1974, ina miaka kama milioni 3.2. Yeye naye alitembea wima, na watu wa aina yake walikuwa na ubongo kama theluthi moja ya wetu. Kisha mwaka 2011, huko Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, yalipatikana mawe yaliyovunjwa kwa makusudi yawe vyombo vya kazi. Habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Umri wake ni miaka milioni 3.3, na kwa miaka tunayoifahamu mpaka sasa hakuna vyombo vya kazi vya zamani kuliko hivyo duniani. Mengine yana uzito wa kilo 15.

Basi hesabuni wenyewe. Miguu ilisimama kwanza. Mikono ikapata nafasi, ikashika jiwe, ikafanya kazi. Ubongo mkubwa ulikuja nyuma yao sana. Wataalamu husema mkono na ubongo vilisukumana: kazi ilitaka akili, na akili ikazaa kazi nyingine. Lakini hakuna jiwe hata moja lisemalo kwamba kichwa kilikaa kitini kwanza kikaandika amri, kisha mikono ikaajiriwa.

Tena asiwepo wa kusema kwamba kuvunja jiwe ni kazi ya mjinga. Na ajaribu. Lazima uchague jiwe lifaalo. Lazima utafute ukingo wenye pembe kali, maana ukipiga mahali palipo butu hupati makali, unapata vumbi na kidole kilichopondeka. Lazima ujue wapi pa kupiga na kwa nguvu gani. Hayo ni maarifa yale yale ya mtu wa njia agongaye reli kwa nyundo akasikia kwa mlio kwamba kuna ufa. Hayakuandikwa katika cheti, lakini ni akili.

JE, MNYONGE ALIACHWA AFE?

Tuje kwa neno la pili. Kwanza wajue kwamba usemi ule wa kusalia kwa wafaao zaidi haukutungwa na Darwin. Aliutunga Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akauazima baadaye. Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu, aliandika kwamba kabila lenye watu wengi walio tayari kusaidiana litayashinda makabila mengine. Hayo mabwana hawayasomi, au huyasoma na kuyafunika.

Pili, waende Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Mwaka 1973 Kamoya Kimeu alipata huko mifupa ya mtu mzima, mwanamke kwa maoni ya walioichunguza, aliyeishi miaka kama milioni 1.7 iliyopita. Mifupa yake imefunikwa na tabaka la mfupa mwingine ulioota kwa ajili ya ugonjwa. Ugonjwa gani, wataalamu wanabishana. Lakini Alan Walker, aliyeichunguza, alisema kwamba maumivu yake yalikuwa makali mno, na mfupa ule ulihitaji majuma au miezi kuota. Mtu wa hali hiyo, penye simba na fisi, asingeweza kujitafutia maji wala chakula. Lazima palikuwa na mtu aliyemletea maji. Lazima palikuwa na mtu aliyekaa macho usiku.

Huko Dmanisi, nchi ya Georgia, lilipatikana fuvu la mzee wa miaka kama milioni 1.8 iliyopita. Alikuwa hana meno, bakio jino moja, na ufizi ulikuwa umekwisha kujifunga. Maana yake aliishi muda mrefu bila kutafuna. Nani aliyemlainishia chakula? Hakuwa na nguvu ya kuwinda, lakini labda alijua wapi pana maji wakati wa ukame.

Tatu, kule Olorgesailie, njia ya Magadi, wachimbaji walipata vyombo vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, vyenye miaka kama 320,000. Vingine vimetengenezwa kwa jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, na jiwe hilo halipatikani pale. Lilitoka mbali, kilomita 25 mpaka 95, juu ya milima na mabonde. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2018, na wachunguzi wakasema yaelekea watu wa makundi mbalimbali walikuwa wakibadilishana mali. Hawakuwa na gari moshi wala mataruma. Walikuwa na kitu kimoja tu: mapatano na watu wa mbali.

Sisemi kwamba watu wa kale walikuwa malaika. Nataruk, karibu na Ziwa Turkana, mwaka 2012 ilipatikana mifupa ya watu wapatao 27 walioishi miaka kama 10,000 iliyopita, na baadhi yao wana majeraha ya kuuawa na watu. Mambo yote mawili yamo ndani ya binadamu, kusaidiana na kuangamizana. Kwa hiyo akatae basi mtu asituambie kwamba ukatili ni sheria ya maumbile. Ukatili huchaguliwa. Na aliyeuchagua hana budi kuulizwa.

JINA LA NANI HUANDIKWA?

Huyo Kamoya Kimeu niliyemtaja alikuwa mtu wa Ukambani, mwenye masomo ya shule ya msingi tu. Alianza kama kibarua wa kuchimba kwa Leakey yapata mwaka 1960. Mwaka 1984, huko Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake kama ya kokoto zilizokizunguka. Kutokana na kipande hicho yakachimbwa karibu mifupa yote ya kijana wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 1985 alipewa nishani huko Marekani na Rais Reagan, na alifariki mwaka 2022. Jicho lile halikuwa la bahati. Lilikuwa elimu.

Sasa linganisheni. Fuvu mashuhuri alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 lilipewa jina la Boisei. Boise alikuwa nani? Hakuwa mchimbaji. Alikuwa tajiri aliyetoa pesa. Kwa haki niseme kwamba Kimeu naye alipewa heshima ya majina ya wanyama wawili wa kale wa jamii ya nyani. Lakini wale wengine waliobeba karai na kuchekecha mchanga juani, majina yao yako wapi? Hata kwetu ni hivyo hivyo: treni ikifika kwa saa, ripoti humtaja mkubwa. Ikichelewa, ripoti hutaja nambari ya kibarua.

TUDAI NINI?

1. Aumiaye au auguaye kazini alipwe mpaka apone. Hiyo si huruma ya tajiri. Ni desturi ya zamani kuliko pesa.

2. Fundi mzee alipwe kwa kufundisha vijana, na ujuzi wa miaka uhesabiwe katika mshahara hata kama hauna cheti.

3. Aliyegundua hitilafu na kuokoa treni aandikwe jina lake katika ripoti.

Kila tawi liyajadili haya mkutanoni na kuandika maoni yake. Na mtu akija tena na neno la sayansi, msikasirike. Mwambieni apande kwenda Turkana akamuulize mama yule wa Koobi Fora ni nani aliyemletea maji.

Wenu katika kazi,
MTU WA RELI