Simu Kuzimika Hakuvunji Mkataba

Mzee mmoja wa Mtwapa ameuza nyumba yake mara mbili, na barazani anasifiwa kuwa mjanja. Mnunuzi wa kwanza, binti afanyaye kazi Doha, alilipa amana ya asilimia 10, yaani sh800,000, kisha simu yake ikazimika. Mwezi na nusu baadaye akatokea mteja mwenye bei nono zaidi. Mzee akatangaza kwamba mkataba umekufa, na amana akaila. Kumbe binti alikuwa amelazwa. Sasa kaka yake amekuja na wakili, na eti yeye ndiye mkorofi.

Mzee amekosa. Wanaomtetea wanasema nyumba tupu huharibika, kaunti haisamehi kodi ya ardhi kwa sababu mnunuzi ni mgonjwa, na mzee ana karo za kulipa. Sawa. Hakuna aliyemtaka asubiri hadi kiama.

Sheria yenyewe haimtaki. Mikataba mingi ya nyumba nchini Kenya hufuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Mawakili, na humo njia iko wazi: siku ya kukamilisha ikipita na mwenzako hajatimiza, nawe uko tayari na stakabadhi zako zote, unampa notisi ya siku 21. Zikiisha kimya, hapo ndipo unapoweza kuvunja mkataba, kuzuia amana na kutafuta mteja mwingine. Barua moja tu! Mkataba wa mzee ulitoa siku 90. Mwezi na nusu ni nusu ya muda huo. Binti hakuwa amechelewa hata siku moja, sasa alivunja nini?

Nilipomuuliza mzee kama alimwarifu, alinifungulia WhatsApp. Ujumbe upo, chini yake tiki moja ya kijivu. Haukufika. Na jina la wakili wa binti, pamoja na anwani yake, limepigwa chapa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba ambao mzee ameutia saini. Ofisi yenyewe iko Mombasa, safari ya matatu. Hakuandika, hakupiga simu, hakwenda. Huyo si muuzaji aliyekosa mnunuzi. Ni muuzaji aliyeomba asimpate.

Binti naye angemwachia kaka yake hati ya uwakili iliyosajiliwa kabla ya kupanda ndege, hata kama angelazwa mambo yangeendelea. Na angefariki je? Mkataba ungebaki mikononi mwa mirathi yake, na kaka asingeweza kutia saini lolote kabla ya mahakama kuteua wasimamizi. Hapo ningemhurumia mzee, maana hiyo ni miezi.

Lakini binti yu hai, na wakili wake ameshapeleka ombi la zuio kwenye sajili ya ardhi. Likiandikwa, mnunuzi wa pili, aliyetoa bei nono, hataweza kuhamishiwa hati hadi zuio liondolewe. Naye ataanza kudai pesa zake kwa mzee yuleyule.